Maji ya Kisimani

Mwaka 1997 nilitia saini karatasi ambayo mpaka leo naijutia, ingawa haikumwibia mtu senti moja na hakuna mkaguzi aliyepata kuihoji. Ilikuwa karatasi ya kuidhinisha kwamba fedha za kikundi cha maigizo cha shule yetu zitumike kununulia televisheni na mashine ya video. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa shule. Kikao cha walimu kilikuwa kimekwisha kukubaliana, kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na nje wanafunzi walikuwa wakipiga makofi kwa sababu habari ilikwisha kuvuja.

Msomaji wa leo, mwenye picha zinazotembea ndani ya mfuko wa shati, huenda asielewe makofi yale. Televisheni ilikuwa jambo jipya Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, lakini kwetu vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994 tu, tena Dar es Salaam kwanza. Walimu vijana walitoa hoja zao vizuri. Kikundi cha maigizo, walisema, kinakula vitambaa, kinakula mafuta ya taa, kinawafanya wanafunzi wasinzie darasani kwa ajili ya mazoezi ya usiku, na mwisho wa yote mchezo unaonyeshwa mara moja, umekwisha. Kanda ya video itatuletea michezo ya dunia nzima, na atakayekosa sehemu atairudisha nyuma aitazame tena. Nilisimama nikawaunga mkono. Nakumbuka maneno yangu kwa sababu niliyatamka kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala: “Jamani, mchezo ni mchezo, uwe wa jukwaani au wa kwenye kioo.”

Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka kuijibu katika kurasa hizi. Walimu wale sikuwadanganya. Wao walikuwa hawajaona. Niliyekuwa nimeona ni mimi, miaka ishirini na mitatu kabla ya kikao kile.

Mwaka 1974 nilikuwa mwanachuo katika chuo kimoja cha ualimu upande wa kusini. Mkufunzi wetu wa Kiswahili alituchagulia Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Alisema hatuwezi kuwa walimu katika sehemu zile bila kuijua, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwandishi mwenyewe ni mzaliwa wa Kilwa. Vita vya Majimaji, ambavyo ndivyo asili ya mchezo, vilianza mwezi Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipochoka na pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji na kuwaambia kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru, alinyongwa mapema Agosti mwaka huohuo, vita vikiwa ndio kwanza vinawaka. Viliendelea hadi 1907. Makadirio ya waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata ni kati ya watu 75,000 na 300,000, na mtu akitazama umbali ulioko kati ya tarakimu hizo mbili ataona kwamba wengi walikufa bila kuhesabiwa na yeyote.

Mimi nilipewa nafasi ya Kinjeketile kwa sababu ya sauti tu. Nilikuwa na sauti ya kuvuka uwanja wa mpira. Kuigiza sikujua. Kwa majuma matatu tulifanya mazoezi katika bwalo la chakula, meza tumezisukumia ukutani, na shida yetu kubwa ikawa mto.

Katika mchezo ule Kinjeketile anavutwa na pepo Hongo hadi mtoni, anazama, watu wanabaki ukingoni wakilia, na hatimaye anatoka akiwa mkavu. Sasa utaufanyaje mto ndani ya bwalo la chakula? Mmoja wetu alipendekeza shuka la buluu, wawili walishike huku na huku walitikise. Mwingine akasema tuchimbe shimo huko vijijini tulijaze maji kwelikweli. Mkufunzi alikataa yote mawili. Alituambia kwamba shuka likitikiswa watu watatazama shuka, na shimo likichimbwa watoto watatumbukia. Akaniamuru nitazame pembeni mwa bwalo, palipokuwa na ndoo ya makombo, nitazame kama mtu anayeona maji mengi yanayopita polepole. Nilitazama. Akauliza wenzangu wanaona nini. Wakasema wanaona ndoo. “Basi huyu bado hajaona mto,” akasema, “arudie.”

Nilirudia jioni tatu. Jioni ya tatu mmoja wetu aliyekuwa amekaa karibu na ile ndoo alisogeza miguu yake, pasipo kujua kwamba ameisogeza. Mkufunzi akafunga kitabu, akatuambia twende tukalale.

Bado palikuwa na fumbo la ukavu. Mwigizaji siku zote ni mkavu, hakuna maji. Utawafanyaje watu washangae kwamba mtu aliyetoka mahali pasipo na maji hakulowa? Jawabu la mkufunzi lilikuwa rahisi, na nimewahi kuwafundisha walimu wengi kwa mfano wake. Alimtuma mwanachuo mwingine ajitose kunitafuta, atoke akitetemeka, anakamua shati, anatema maji, meno yanagongana. Kisha mimi nitoke nyuma yake, mikono imelegea, na yule anayetetemeka anishike bega, aitazame mikono yake, anitazame. Basi. Ulowevu wa uongo wa mwenzangu ndio uliouonyesha ukavu wangu, ambao ulikuwa wa kweli lakini haukuwa na maana yoyote mpaka yeye anishike. Katika sinema wangetumia mto wenyewe, na mtazamaji angekaa akijiuliza wamefanyaje. Kwetu hapakuwa na la kujiuliza. Kila mtu aliona jinsi tulivyofanya, na bado alistaajabu.

Kijiji tulichokwenda kilikuwa upande wa Kilwa. Ilikuwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu walikuwa ndio kwanza wamehamishiwa hapo, na baadhi ya nyumba zilikuwa miti mitupu bado hazijakandikwa. Tulifika mchana kwa lori la chuo. Wenyeji walitupokea vizuri, tukala ugali na kunde nyuma ya ofisi ya kijiji, tukacheza bao na vijana. Nayataja haya kwa makusudi. Watu watakaokuja usiku kumwona Kinjeketile walimwona mchana akiomba chumvi.

Jioni tulitundika karabai mbili kwenye tawi la mwembe. Watoto walikaa mchangani mbele, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili, wazee wachache kwenye viti vilivyotolewa ofisini. Mwanzo ulikuwa mgumu. Tulipofika kwenye mnyapara anayewasumbua watu shambani, sehemu ambayo chuoni ilitutoa machozi, watu walicheka. Walicheka sana. Mwenzetu aliyeigiza mnyapara alikuwa kijana mpole, mwimbaji wa kwaya, na kicheko kile kikamlewesha; akaanza kuongeza vituko, akatembea kwa madaha, akazungusha kiboko hewani. Kicheko kikapanda. Kisha mwanamke mmoja, sikumwona uso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mtoto aache kuchezea jembe: “Basi.” Mnyapara akasimama. Uwanja ukanyamaza. Mwenzetu aliendelea na maneno yake kama yalivyoandikwa, na kuanzia hapo hapakuwa na kicheko tena. Mimi nilikuwa nyuma ya mwembe nikingojea zamu yangu, nikahisi miguu yangu haina nguvu, kwa sababu niliona kwamba wale watu hawakuja kutazama tu.

Mto ulikwenda vizuri. Watoto waligeuza vichwa kutazama nilikotazama, na mwenzangu alipotoka akitetemeka mama mmoja aliguna kwa huruma. Tukafika kwenye ugawaji wa maji. Mkufunzi alikuwa ameamua kwamba hapa, na hapa peke yake katika mchezo mzima, tutumie maji halisi: kibuyu kilichojazwa kisimani jioni ile, na mgwisho wa mkia wa ng'ombe wa kunyunyizia. Wenzangu walipanga mstari. Mmoja baada ya mwingine walikuja, wakainama, nikachovya mgwisho, nikawanyunyizia kichwani na mabegani.

Walikuwa wamebaki wanne hivi nilipoona mtu wa tano.

Alikuwa mmoja wa wazee waliokaa vitini. Alikuja taratibu na mkongojo wake, akasimama mwisho wa mstari. Wenzangu walimwona kabla yangu, na hakuna aliyesema neno. Yule wa mwisho katika wao alisogea kidogo, akampa nafasi, akamshika kiwiko ili asijikwae kwenye mizizi ya mwembe. Sijui mpaka leo alijuaje kwamba hivyo ndivyo ilivyompasa kufanya. Watazamaji walikuwa kimya kiasi kwamba niliisikia karabai ikivuma.

Ninachotaka msomaji akipime ni muda niliokuwa nao. Watu wanne: huenda nusu dakika. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimevaa kaniki, na kibuyu cha maji ya kisimani mkononi. Nikimrudisha mzee, nitamwaibisha mbele ya watoto na wajukuu zake, na mchezo utavunjika hapohapo. Nikimnyunyizia, nitakuwa nimefanya nini? Niliijua historia. Nilijua yale maji yaliwafikisha watu wapi. Nilijua vilevile kwamba mimi si mganga wala nabii, ni mwanachuo mwenye mtihani wa saikolojia Jumatatu. Hakuna mistari iliyoandikwa kwa ajili ya jambo lile, na mkufunzi alikuwa upande wa pili wa uwanja, uso wake gizani.

Zamu yake ikafika. Akavua kofia yake ya kiua, akaikunja, akaishika kifuani. Akainama. Nikachovya mgwisho, nikamnyunyizia kichwani na mabegani kama wengine. Hakwenda kusimama na jeshi letu. Alirudi kwenye kiti chake, akakaa, na hakujifuta.

Yaliyobaki ya mchezo sikuyaigiza kama tulivyozoea. Kwa majuma matatu nilikuwa nimeshindwa kuielewa sehemu ya mwisho. Kinjeketile yuko gerezani, anatakiwa atangaze kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa. Chuoni nilimwona kuwa mbishi tu, nikayasema maneno yake kwa kufoka, kifua mbele, na mkufunzi alikuwa akitikisa kichwa kila mara bila kunieleza kosa. Usiku ule, nilipoulizwa swali lile na mwenzangu aliyeigiza upande wa Wajerumani, macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye kiti cha mzee. Kichwa chake kilikuwa bado kinang'aa maji katika mwanga wa karabai. Nikajua kwa nini mtu hawezi kusema neno lile, hata kama ni kweli, hata kama amekwisha kuona wenzake wakianguka. Kuna waliopokea. Nilikataa kwa sauti ndogo sana, mimi mwenye sauti ya kuvuka uwanja, na waliokaa nyuma waliniambia baadaye kwamba walisikia.

Baada ya mchezo nilimwendea mzee nikamwamkia. “Shikamoo, babu.” Akaitikia marahaba, akanishika mkono akauweka kati ya mikono yake miwili. Akaniambia kwamba mwaka ule alikuwa mtoto. Baba yake alipanga mstari, naye alijipenyeza nyuma ya baba yake, wakubwa wakamfukuza wakisema maji haya ni ya wanaume. Baba alikwenda nayo na hakurudi. “Sasa nami nimeyapata, mwanangu,” akasema. Aliyasema bila kicheko na bila machozi, kama mtu aliyelipwa deni dogo lililochelewa.

Kama aliamini kwamba maji yale ni yale ya Ngarambe, au alijua fika kwamba ni ya kisima kilichoko nyuma ya ofisi, sikumwuliza. Nadhani alijua. Alikuwa ameniona mchana nikiomba chumvi.

Mkufunzi alinikaripia ndani ya lori. Alihofia viongozi wa kijiji wangesema tumeleta ushirikina. Alisema ningemwelekeza mzee pembeni kwa heshima. Tulipokaribia chuoni alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Lakini hata mimi nisingeweza,” na hatukulizungumza tena.

Nimetumia kurasa nyingi kwa usiku mmoja, na nisiombe radhi kwa hilo. Nirudi kwenye sentensi yangu ya mwaka 1997.

Gari la sinema la serikali lilikuwa likifika vijijini miaka ileile, na watu waliipenda sinema kuliko walivyotupenda sisi. Waliisemesha. Nimewasikia watu wazima wakimwonya mtu wa kwenye kitambaa kwamba adui yuko nyuma yake. Lakini mtu wa kitambaani hakugeuka. Angekuwa ni yule mzee, angeweza kusimama, kuvua kofia na kupanga mstari mbele ya kitambaa mpaka asubuhi. Wale wa pichani wangepita na mambo yao, kwa kuwa walikwisha kuyamaliza zamani, katika nchi nyingine, mbele ya mtu mwenye kamera. Redio nayo ilitupa michezo mizuri. Nyumba nyingi hazikukosa Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, na nakiri kwamba redio ina ufundi ambao jukwaa halina: hukufanya uuone uso wa mtu kwa sikio. Hata hivyo Pwagu hakujua kama nyumbani kwangu tumecheka au tumelala.

Kitabu je? Nimekifundisha Kinjeketile ubaoni miaka mingi: dhamira, wahusika, muundo, matumizi ya lugha. Wanafunzi wangu walifaulu. Lakini katika kitabu ile sehemu ya gerezani niliyoishindwa majuma matatu husomwa kwa muda mfupi na mwanafunzi huipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hisabati, alipata kunibana. Alisema kama jambo lenyewe ni watu kuwa pamoja mahali pamoja, basi mpira pia ni maigizo, na msiba, na hotuba ya Ijumaa, na ngoma ya unyago. Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Mpira una hatari yote ya jukwaani, kwa kuwa hakuna ajuaye utakwishaje, lakini kipa hajifanyi kuwa mtu mwingine. Ngomani mwari anayechezwa anatoka kweli akiwa mwingine, na kesho ataitwa kwa jina jipya. Jukwaani kila mtu anajua kwamba ni uongo. Yule ni mwanachuo, huu ni mwembe, mto haupo. Tumekubaliana wote, walio mbele na waliokaa, kuushika uongo huu pamoja kwa saa mbili, na upande mmoja ukiuachia unaanguka. “Basi” moja ya mwanamke asiyeonekana uso inatosha kuuangusha au kuunyoosha. Na ndani ya uongo huo tuliokubaliana, maji yanalowesha kweli.

Miaka michache baada ya kuanza kazi, darasa langu liliigiza sehemu ya mahakama ya Mabepari wa Venisi, katika ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Mkopeshaji anaponoa kisu, mtoto wa kidato cha kwanza alipiga kelele, “Mwalimu, mzuie!” Alikuwa akiniita mimi, niliyekuwa nimekaa kando na kitabu. Alijua kisu ni cha jikoni kwetu na kwamba mshika kisu ni kiranja wa bweni lake. Wote tulicheka isipokuwa yeye, na sasa sina hakika kwamba sisi ndio tuliokuwa na akili.

Ebrahim Hussein mwenyewe naona alilihangaikia jambo hili. Mwaka 1976 alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, michezo miwili isiyohitaji zaidi ya mtambaji mmoja mbele ya wasikilizaji, kama bibi na wajukuu. Ameondoa pazia, ameondoa mapambo, ameondoa hata umati wa waigizaji. Alichokataa kuondoa ni yule aliyekaa akisikiliza. Nilipozisoma mara ya kwanza nilidhani amepunguza. Siku hizi naona alikuwa akitafuta ni kipi ukikitoa jengo zima linabomoka.

Televisheni ya shule haikuwa na kosa lolote. Wanafunzi waliona mengi ambayo sisi hatukuyaona, na sitasema uongo wa kizee kwamba iliwaharibu. Kioo kina uwezo wake: kinakuletea chozi la mtu karibu kiasi ambacho aliyekaa mwisho kabisa chini ya mwembe hawezi kuliona kamwe. Kosa lilikuwa langu, la kukifunga kimoja ili kufungua kingine kana kwamba ni milango ya chumba kimoja. Kwa miaka minane hapakuwa na mchezo shuleni. Hakuna mwanafunzi aliyelalamika, na hilo ndilo lililoniuma kila nilipolifikiri, kwamba nilikuwa na shule nzima ya watoto ambao hawakujua wamekosa nini.

Mwaka 2005 ilipotimia miaka mia moja tangu Majimaji, niliona hiyo ndiyo fursa yangu. Tulikifufua kikundi, tukaigiza Kinjeketile uwanjani, watu wa mtaani wakaalikwa. Mzazi mmoja alimleta mpiga picha za harusi atuchukulie kanda, kwa nia njema. Baada ya wiki mbili tuliitazama ofisini, walimu na waigizaji. Kila kitu kilikuwamo. Maneno yote yalisikika, mavazi yalionekana, mtoto aliyekohoa alikohoa. Ilipofika kwenye mto, mpiga picha alikuwa ameigeuza kamera kufuata macho ya mwigizaji ili atuonyeshe anachokitazama, na pale kwenye kioo tukaona kwa dakika nzima ukuta wa choo cha wasichana. Vijana walicheka hadi wakashika matumbo. Usiku wenyewe ukuta ule ulikuwapo mahali palepale, na watu mia nne waliutazama, na hakuna aliyeuona.

Mgwisho wa mwaka 1974 nilikuwa nao bado. Niliuhifadhi miaka yote katika kabati la stoo, na nilipoutoa nilikuta nondo wamekula nywele zote, umebaki mpini. Wanafunzi walitengeneza mwingine wa katani. Katika mazoezi kijana aliyepewa nafasi ya Kinjeketile, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari ya mzee, alinifuata kando akaniuliza, “Mwalimu, na siku yenyewe akitokea mtu kwenye mstari, nifanyeje?” Nilitaka kumpa jibu la mkuu wa shule. Sikulipata. Nikamwambia ahakikishe kibuyu kina maji.

Usiku ule hakutokea mtu. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikakitazama kibuyu mpaka mwisho, kilikuwa kimejaa.